Kokopiti si udongo: kutafuta chanzo mmea unapogoma ndani ya ndoo

Nyanya ya kwenye ndoo ikinyauka, mkono hukimbilia kopo la maji. Majani yakigeuka njano, mkono hukimbilia mfuko wa mbolea. Kwenye kokopiti mikono yote miwili hukosea mara nyingi. Huu ni unga wa makumbi ya nazi uliochanganyika na nyuzi fupi za usumba. Chakula chake mwenyewe ni kidogo mno, na hicho kidogo hakina uwiano: potasiamu tele, mara nyingine sodiamu, kalsiamu karibu hakuna. Juu hupauka na kuonekana mkavu huku katikati umelowa chepechepe. Anayeumwagilia na kuulisha kama udongo wa shambani ataona jani limeungua, atabadili mbolea, na tatizo litabaki palepale.

Kwa hiyo kabla ya kusoma jani, soma maji yanayotoka kwenye matundu ya chini ya ndoo. Humu tutayaita mchujo.

Kupima mchujo

Unahitaji kipimo cha EC (wingi wa chumvi za mbolea ndani ya maji, humu kwa mS/cm), kipimo cha pH (kiwango cha asidi ya maji), mizani ya jikoni inayosoma gramu moja na sinia la kukingia. Kama kipimo chako kinasoma ppm badala ya EC, angalia kwenye maelezo yake kinatumia skeli ipi. EC 2.0 ni ppm 1000 kwenye skeli ya 500, lakini ni ppm 1400 kwenye skeli ya 700. Wawili wakishauriana kwa ppm bila kutaja skeli, mmoja ataunguza mimea yake.

Mwagilia ndoo kama kawaida kwa maji ya mbolea mpaka yatiririke chini. Subiri nusu saa. Mwaga maji yaliyomo kwenye sinia, lirudishe chini ya ndoo, kisha mimina tena taratibu nusu lita ya maji yaleyale ya mbolea kwa ndoo ya lita 20, ukizungusha juu yote. Yatakayodondoka sasa ndiyo sampuli. Pima EC na pH yake, halafu pima pia maji uliyomimina. Namba moja peke yake haisemi kitu. Tofauti kati ya yanayoingia na yanayotoka ndiyo inayosema.

Uliingiza 1.6, yametoka 1.9? Hali ni nzuri. Yametoka 3.2? Chumvi imejikusanya, na mmea una kiu ndani ya maji: mizizi haiwezi kuvuta maji yenye chumvi kali kiasi hicho. Yametoka 0.9? Mmea unakula kuliko unavyolishwa, ongeza mbolea. Chukua tofauti ya 1.0 kwenda juu kuwa mpaka wa kuchukua hatua. Kwa upande wa pH, ingiza kati ya 5.8 na 6.2. Mchujo ukipita 6.8, chuma na manganizi huanza kukwama. Ukishuka chini ya 5.3, kwa kawaida umetumia mbolea yenye amonia nyingi.

Mche umedumaa na ncha zimeungua ndani ya wiki mbili za kwanza

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni kokopiti yenyewe. Chumvi yake ina asili mbili. Kumbi la nazi lina potasiamu na kloridi kwa maumbile yake. Halafu kuna chumvi ya bahari. Unguja, kwa mfano, wasokota kamba hufukia makumbi ufukweni kwa miezi ili nyuzi zilainike, ndipo huyatoa na kuyaponda. Unga unaobaki mahali pa kupondea huonekana mzuri, mwororo, na ni wa bure. Umekaa baharini muda wote huo. Hata makumbi yanayobaki kando ya kifuo, yasiyoguswa na maji ya bahari, hayafai kutiwa ndooni moja kwa moja.

Kupima: chukua kopo moja la kokopiti iliyolowa na kopo moja na nusu la maji ya mvua, koroga, acha saa moja, chuja kwa kitambaa, pima EC. Chini ya 0.5 ni salama kwa miche. Zaidi ya 1.0, rudi kuosha. Asiye na kipimo apande mbegu za mchicha kwenye kopo la kokopiti hiyo na kopo la udongo mzuri siku moja. Za kwenye kokopiti zikichelewa au zikitoka na ncha za kahawia, jibu limepatikana.

Kuosha kwa maji matupu huondoa chumvi inayoelea tu. Ile iliyoshikwa na chembe za makumbi haibanduki kwa maji, hubanduliwa na kalsiamu. Usipoitoa mapema, kila kalsiamu na magnesiamu utakayotia itanaswa na kokopiti kwanza, nayo potasiamu na sodiamu zitaachiwa kwenye mizizi. Ndiyo maana mtu hulisha kalsiamu ya kutosha kwa makaratasi na bado mmea wake unaonyesha njaa ya kalsiamu.

Kwa tofali la kilo 5, ambalo likilowa hujaza takriban lita 70:

1. Lilowanishe kwa lita 20 hadi 25 za maji, lifumue lote kwa mkono. Madonge yaliyobaki makavu katikati huja kuwa mifuko ya chumvi.
2. Litie kwenye chandarua kikuukuu au gunia la wavu, osha kwa maji safi mara tatu, kila mara ukiliacha lichuje.
3. Yeyusha gramu 100 za kalsiamu nitreti kwenye lita 40 za maji. Zamisha kokopiti humo saa 24, ukigeuza mara mbili tatu.
4. Chuja, osha mara moja tu kwa maji safi, chuja tena. Maji ya kuloweshea yana chumvi iliyobanduliwa, usiyarudishe bustanini kwenye vyungu vingine.

Matofali ya dukani yaliyoandikwa kwamba yameoshwa na kutibiwa kwa kalsiamu hayahitaji haya yote, lakini lipime la kwanza katika kila shehena. Kuoshwa na kutibiwa ni mambo mawili, na wauzaji wengi hutaja moja wakimaanisha yote.

Kama mche tayari umo ndani, usiung'oe. Pitisha maji ya mbolea hafifu (EC 0.6, yenye kalsiamu nitreti) mara mbili ya ujazo wa ndoo, taratibu, asubuhi. Jani lililoungua halitapona. Tazama majani mapya.

CAN si kalsiamu nitreti

Kosa hili lina sehemu yake kwa sababu linajificha nyuma ya dalili nyingi. Mtu huambiwa atafute kalsiamu nitreti, dukani anapewa CAN (kalsiamu amonia nitreti), ile ya kukuzia mahindi, kwa sababu jina lina kalsiamu ndani yake. Kalsiamu ya CAN ni chokaa iliyosagwa, haiyeyuki kwenye maji ya kumwagilia, na nusu ya nitrojeni yake ni amonia. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji na ukoroge. Kalsiamu nitreti huyeyuka yote, glasi ikapata baridi mkononi na maji yakabaki maangavu. CAN nayo huleta baridi, lakini huacha tope chini, na tope hilo ndilo kalsiamu uliyoilipia.

Urea nayo haifai kuwa tegemeo hapa. Lazima vijidudu viibadilishe kwanza, navyo ni vichache kwenye kokopiti mpya. Zaidi ya hapo, urea haionekani kwenye kipimo cha EC: unaweza kuwa umetia nyingi na kipimo kikakaa kimya. Ukinunua NPK (mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya kuyeyusha kama 19-19-19, soma mfuko uone nitrojeni kiasi gani ni urea.

Mchanganyiko wa kuanzia kwa mimea ya matunda (nyanya, pilipili hoho, bilinganya), kwa lita 20 za maji:

- gramu 12 za NPK ya haidroponiki yenye nitrojeni kidogo na potasiamu nyingi, iliyo na virutubisho vidogovidogo ndani yake
- gramu 6 za magnesiamu salfeti, yaani chumvi ya Epsom, ileile ambayo wazee waliinywa kama haluli
- gramu 12 za kalsiamu nitreti

Jaza maji kwanza. Yeyusha NPK, kisha chumvi ya Epsom. Kalsiamu nitreti iyeyushe pembeni kwenye kopo lake na uimimine mwisho, huku unakoroga. Ukizichanganya zikiwa bado nzito, kalsiamu hushikana na salfeti na fosfeti, maji yakawa kama ya mchele, na unga mweupe ukatua chini. Unga huo hauyeyuki tena, na ndio unaoziba matundu ya dripu. Miche ipewe nusu ya kipimo, saladi na mchicha theluthi mbili. Pima EC baada ya kuchanganya: miche 0.6 hadi 1.0, mboga za majani 1.2 hadi 1.6, nyanya zenye matunda 2.0 hadi 2.5, ukihesabu na EC ya maji yenyewe.

Jambo la pwani: mfuko wa kalsiamu nitreti ukiachwa wazi usiku mmoja hunyonya unyevu hadi ukawa uji. Ukiupima ukiwa hivyo unapima maji. Gawa kwenye chupa kavu zenye kifuniko siku unayoununua.

Mmea unanyauka mchana

Dalili moja, vyanzo vinne, na tiba zake zinapingana. Usimwagilie kabla ya kujua ni kipi.

Nyanyua ndoo. Kokopiti ya lita 10 iliyoshiba na kuchuja huwa na maji kama lita 6, kwa hiyo chombo kizima hukaribia kilo 7. Pima chako kwa mizani ya kuning'iniza saa moja baada ya kumwagilia na uandike namba ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Kwa hiyo ya lita 10, uzito ukifika kilo 6, mwagilia. Usiuache ushuke chini ya kilo 5. Kuacha ikauke kabisa ndipo umwagilie, kama wanavyoshauri kwa udongo, hapa ni kosa: maji yanapopungua chumvi haipungui, kwa hiyo kila kukauka ni kuizidisha ukali. Ikikauka sana pia hunywea na kuachana na ukuta wa ndoo, ndipo maji huteremkia pembeni na kutoka chini upesi yakikupa picha ya uongo kwamba ndoo imeshiba. Hiyo izamishe ndani ya beseni la maji ya mbolea hafifu kwa nusu saa.

Ndoo ni nzito na mmea bado umenyauka? Pima mchujo. EC ikiwa juu, ni chumvi. EC ikiwa sawa, chimba kwa kidole pembeni utoe mzizi. Rangi itakudanganya, kwa kuwa kokopiti hupaka mizizi rangi ya chai hata ikiwa mizima. Uvute. Mzima hukatika kwa kishindo kidogo. Uliooza ganda lake huchomoka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba, na hunuka. Chanzo cha kuoza huwa hewa kukosekana: unga laini mno usio na nyuzi wala vipande, matundu machache, au ndoo kukalia maji yake yenyewe kwenye sinia. Toboa matundu manane hadi kumi ya milimita 8, na iinue ndoo juu ya matofali mawili. Kokoto chini ya ndoo haisaidii, inasogeza tu tabaka la maji karibu zaidi na mizizi. Kwa upandaji ujao changanya sehemu saba za kokopiti na tatu za makumbi yaliyokatwakatwa au pumisi.

Cha nne ni joto. Ndoo nyeusi inayopigwa na jua la saa nane hupika mizizi ya upande wa magharibi. Juu ya nyuzijoto 30 mizizi hudhoofika. Ivike gunia au ipake rangi nyeupe. Angalia na mpira: maji yaliyolala juani ndani ya mpira mweusi hutoka ya moto kabisa, yamwage kando mpaka yapoe ndipo uelekeze kwenye mmea.

Njano: tazama imeanzia wapi

Majani machanga ya juu yamekuwa njano huku mishipa ikibaki kijani: ni chuma, na karibu kila mara chuma kipo ila pH imekifunga. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa, pH yake iko juu ya 7 na inarudi juu hata ukiishusha kidogo. Birika lenye magamba meupe ndani limeshakuambia. Kuongeza mbolea hapo ni kuongeza chumvi bure. Shusha pH kwa asidi ya fosforiki au ya nitriki, mililita moja moja kwenye lita 20, ukikoroga na kupima, mpaka ufike 6.0. Vaa glavu na miwani, na siku zote asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Ndimu hufanya kazi siku moja mbili kisha vijidudu huila, pH ikarudi. Asidi ya betri kuukuu usiiguse, ina risasi na unachokuza ni chakula. Ukinunua chuma cha kuongeza, tafuta cha aina ya EDDHA. Kile cha EDTA huachia chuma chake pH ikipita 6.5 hivi, yaani palepale unapokihitaji.

Majani ya zamani ya chini yana njano katikati ya mishipa: magnesiamu. Ongeza chumvi ya Epsom gramu 4 kwa lita 20 kwa wiki mbili. Majani ya chini yamepauka yote, mishipa na vyote: nitrojeni. Hakikisha kwa mchujo, utakuta EC imeshuka chini ya unayoingiza.

Nyanya kuoza kitako

Doa jeusi, kavu, lililobonyea upande wa pili wa kikonyo. Si ugonjwa wa kuambukiza, dawa ya ukungu haifanyi lolote. Kalsiamu haikufika kwenye tunda lilipokuwa dogo. Kalsiamu husafiri na maji tu, nayo maji huvutwa zaidi na majani kuliko tunda, hivyo kila siku moja ya kiu hupoteza matunda yatakayoonekana yameoza wiki mbili baadaye. Fuata mpangilio huu: kwanza uzito wa ndoo kwa siku tatu mfululizo, saa sita na saa tisa. Kama inashuka chini ya kiwango, tatizo ni umwagiliaji. Kama uzito uko sawa, pima mchujo: juu ya 3.5, pitisha maji. Kama vyote viko sawa, ndipo uulize kama kokopiti ilitibiwa, na kama ulichotia ni kalsiamu nitreti kweli.

Mnyanya mkubwa wenye matunda kwenye kipindi cha joto hunywa lita moja na nusu hadi mbili na nusu kwa siku. Usimpe zote asubuhi. Zigawe mara nne hadi sita, ya kwanza saa moja baada ya jua kuchomoza, ya mwisho saa kumi jioni. Kila siku sehemu moja kati ya tano ya maji yote itoke chini. Asiye na muda wa kumwaga mara sita anunue dripu yenye saa, au apande kwenye chombo kikubwa zaidi. Matunda yaliyokwisha oza yatoe, hayarudi.

Ukoko mweupe juu, ukijani, na wadudu wadogo weusi

Ukoko ni chumvi iliyopanda na maji kukauka juu. Maana yake humwagilii mpaka itoke chini. Ukwangue utupe, kisha rudisha mchujo wa moja kati ya tano. Ukijani wa juu hauli mmea, funika tu kwa vipande vya makumbi yaliyooshwa. Wadudu weusi wanaoruka ukigusa ndoo hutaga kwenye tabaka la juu lililolowa muda wote, na mabuu yao hula mizizi ya miche. Acha sentimita mbili za juu zikauke kati ya maji na maji, chini pakiwa bado pamelowa, na utege kwa kadi ya njano yenye gundi.

Maji yenyewe ni ya chumvi

Pima kisima kabla ya kutia chochote. EC chini ya 0.5 ni raha. Ikifika 1.0 nafasi ya mbolea imebaki ndogo: changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ongeza mchujo hadi asilimia 30, na achana na maharagwe na stroberi. Ikizidi 1.5, kilimo cha ndoo kwa maji hayo matupu kitakusumbua hata ukifanya mengine yote sawa. Pima tena mwisho wa kiangazi, maana kisima cha karibu na bahari hubadilika mvua zikikatika.

Maji yanatuama juu hayazami

Kokopiti ya misimu miwili mitatu huanza kusagika, nyuzi zikaisha na kubaki unga unaoshikana. Ikiwa imeshuka robo ya kimo chake ndani ya ndoo, usiijazie mpya juu. Ing'oe, toa mizizi, ichanganye kwenye tuta la bustani, na ndoo uanze nayo upya kwa tofali lililooshwa na kutibiwa.